Waliponisifia nimependeza ndo nilikuwa naumwa kweli

Nina gauni moja la kitenge, bluu na njano, nililishona mwenyewe 2018 kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na hilo gauni ukiligeuza ndani nje unasoma maisha yangu yote ya hapa katikati. Ubavuni kuna mistari ya matundu ya sindano imepangana kama reli. Mara ya kwanza nilifumua nikatoa nusu inchi kila upande. Mara ya pili nikatoa kitambaa chote kilichobaki ndani. Mara ya tatu hakukuwa na cha kutoa tena, nikaunga kipande cheusi chini ya kwapa nikajisemea ni fasheni. Afu ya nne nikarudisha ndani, inchi 5 kwa mkupuo, ndani ya wiki chache tu, na hapo ndo watu wakaanza kunipongeza.

Nataka niandike kuhusu hizo wiki chache na mwaka mzima uliofuata, maana kila nikisimulia kwa mdomo watu wananikatiza katikati wananiuliza ulikunywa nini ukapungua hivyo. Mimi ni fundi cherehani, nipo Mbagala, sio daktari, ninachoeleza hapa ni nilichopitia na nilichoelezwa kliniki nikakielewa kwa akili yangu ya kushona.

Pumu ninayo tangu mtoto. Nimekulia Tanga, bibi yangu alikuwa ananifukiza na kunipaka mafuta kifuani, wakati mwingine inatulia wakati mwingine tunakimbizana hospitali usiku. 2019 ilinibana vibaya nikalazwa, nilipotoka nikapewa predi (prednisoloni, vidonge vya steroidi) za siku 5, vidonge 8 kila asubuhi. Jamani. Ile dawa sikuwahi kuona mfano wake. Sio kifua tu, hata magoti yaliyokuwa yanauma yakanyamaza, nikawa nalala saa nne na kuamka saa nane usiku nashona, nikajiona mtu mwingine. Vidonge vikaisha, baada ya wiki mbili kifua kikarudi, nikajua dawa yangu ni ipi. Nikaenda duka la dawa la mtaani nikamwambia kijana nipe predi 20. Akanihesabia kwenye kikaratasi cha kaki. Hakuuliza kitu na mimi sikutaka aulize.

Hapo ndo ilipoanzia. Vidonge 4 kila asubuhi, yaani miligramu 20, kukiwa na vumbi au baridi naongeza 6, kifua kikiwa kizuri narudi 4. Kuacha kabisa sikuwahi, maana kila nikijaribu siku mbili tatu mwili unauma. Nikaendelea hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukaingia wa nne. Na kinachonichekesha mpaka leo (nacheka nisilie) ni kwamba pampu ya kuvuta niliyopewa hospitali niliitupa kabatini kwa sababu watu wazima wote nyumbani walisema pampu inazoesha, ukishaanza pampu umekwisha, ni ya wagonjwa wa mwisho. Kwa hiyo nikakimbia pampu ambayo dawa yake ni kidogo sana na inaishia zaidi kwenye mapafu, nikakumbatia vidonge vinavyopita kwenye damu yote kuanzia utosi mpaka kisigino.

Uso ukaanza kuwa duara. Wateja wakasema fundi umenawiri, mume anakulisha. Nyuma ya shingo pakaota nyama, nikikata kola ya nguo yangu lazima niipandishe. Tumboni michirizi ya zambarau mipana kama riboni. Mikono na miguu ikawa myembamba, mwili wa kati mkubwa, yaani nikajipima na futi yangu mwenyewe nikaona vipimo havilingani na mtu yeyote niliyewahi kumshonea. Ngozi ikawa nyepesi, nikigusa kona ya meza natoka damu chini ya ngozi. Agosti 2023 nikapima sukari kwenye banda la kupima bure, ikaja juu. Yule dada wa kipimo akaniuliza unatumia dawa gani, nikataja predi, akashtuka akasema mama hiyo ndo inakupandishia, achana nayo.

Nikaachana nayo. Siku hiyo hiyo. Nilikuwa na vidonge kama 30 kwenye kopo nikavimwaga chooni, na nilijisikia shujaa kweli.

Siku tatu za kwanza hakuna kitu. Wiki ya kwanza viungo vikaanza kuuma kama nina chikungunya, nikasema sumu inatoka. Wiki ya pili chakula kikanikataa. Sio kwamba sina hamu tu, ukiniletea wali mbele yangu natapika kabla sijaugusa, nikaishi kwa chai na ndizi mbivu. Ngozi ya mikononi ikawa inabanduka. Nikisimama kutoka kwenye cherehani dunia inazunguka, inabidi nishike meza nihesabu kwanza. Na kila asubuhi nikifungua macho najisikia kama nimelala ndani ya gunia la mchanga, mguu mmoja kuutoa kitandani ni safari.

Na huku nje, sifa! Uso ukapungua, tumbo likashuka, shingo ikaonekana. Wifi yangu akanipiga picha akaituma kwenye grupu la familia, eti muone alivyorudi usichana. Wateja wawili waliniomba siri. Mwingine akasema umeokoka. Mume wangu ndo peke yake alikuwa ananiangalia bila kusema, siku moja akaniambia, "Mbona kama unayeyuka?" Mimi nikamjibu ndo napungua hivyo, hupendi? Akanyamaza. Sasa hivi nikikumbuka lile swali naona alikuwa ameshajua kitu ambacho mimi na grupu zima la familia hatukukijua.

Kilichotokea mwisho wa Septemba ni hiki. Nilikuwa nampima mteja, bibi harusi, nimepiga goti chini nachukua urefu wa sketi. Nikasema inchi 41, nikainuka niandike kwenye daftari, na sikumbuki kuandika. Niliamka niko kwenye bajaji kichwa kipo mapajani kwa mama mwenye nyumba, naskia ananisomea Ayatul Kursiy. Hospitali ya kwanza wakapima malaria hakuna, mimba hakuna, wakasema taifodi, nikatundikiwa dripu na antibayotiki nikarudishwa nyumbani. Kesho yake nikapelekwa nyingine. Presha 80 kwa 50, sukari 2.9, mimi ambaye mwezi uliopita nilikuwa naambiwa sukari ipo juu. Natapika maji ya njano. Kila mtu anauliza kula yangu, kazi yangu, kama nina mawazo, kama kuna mtu nimegombana naye.

Aliyeniokoa ni daktari mdogo wa mazoezi, binti, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniinua mkono akaangalia ngozi, akapandisha gauni akaona michirizi, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama anaogopa kunikosea adabu, "Samahani mama, umewahi kutumia predi?" Nikasema nimeacha. "Lini?" Wiki sita. "Ulitumia muda gani?" Miaka minne. Alitoka mbio kabisa, kandambili zake nazisikia mpaka leo. Akarudi na sindano ya hidrokotisoni, nayo ni steroidi, miligramu 100, kwenye mshipa, na dripu ya chumvi na sukari. Baada ya masaa mawili matatu nikaomba uji. Saa sita mchana nilikuwa nimekaa kitandani naongea na wagonjwa wenzangu, mume wangu aliporudi kutoka kununua maji alisimama mlangoni akadhani amekosea wodi.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kinaendelea, kwa namna nilivyoelezwa kliniki ya homoni nilikopelekwa baadae.

Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo kimekaa kama kofia ya kiua, gramu 4 au 5 tu, kinaitwa adrenali. Hizo tezi mbili kazi yake mojawapo ni kutengeneza kotisoli, ambayo ndo homoni inayokuamsha asubuhi, inashikilia presha yako isidondoke ukisimama, inatoa sukari kwenye ini ukilala njaa, na ukiugua au ukiumia inapanda mara kadhaa ili mwili uhimili. Inakuwa juu kabisa alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, inashuka mchana, usiku wa manane inakuwa chini kabisa. Lakini tezi haziamui zenyewe. Kuna sehemu ya ubongo inatuma amri kwa kitezi kingine kilicho chini ya ubongo, pituitari, nacho kinamwaga homoni inaitwa ACTH kwenye damu, hiyo ACTH ndo inayogonga mlango wa adrenali iseme haya amkeni kazi.

Predi ni kotisoli ya kiwandani, na ina nguvu zaidi. Mwili mzima wa mtu unatengeneza kotisoli kwa siku inayolingana na kama miligramu 5 za predi hivi, kidonge kimoja! Mimi nilikuwa nameza vinne, sita. Ubongo ukiangalia damu unaona kotisoli imejaa mpaka inamwagika, unasema basi, hakuna haja ya kutuma amri. Pituitari inanyamaza. Adrenali zisipogongewa mlango zinasinyaa, kama mguu uliofungwa hogo miezi. Daktari aliniambia wiki tatu nne tu za dozi ya juu zinatosha kuanza kuzilaza, na mimi nilikuwa nimezilaza miaka minne. Sasa siku nilipomwaga vile vidonge chooni nilikuwa nimemfukuza kibarua na mwenye kazi hayupo.

Ila kitu kimoja kilinifariji. Kuna ugonjwa mwingine wa tezi hizi hizi unaitwa Adison, huo tezi zenyewe zimeharibika, na huku kwetu TB ni moja ya vitu vinavyoziharibu. Wa namna ile ngozi inakuwa nyeusi mpaka fizi na mistari ya viganja, kwa sababu ACTH inapiga kelele mpaka mwisho. Mimi ngozi yangu haikuwa nyeusi. Daktari akasema hiyo ni dalili kwamba zimelala, hazijafa. Zitaamka. Nikamuuliza lini, akacheka kidogo akasema, "Hizo hazina kalenda mama, wengine miezi, wengine mwaka na zaidi, na ubongo ndo unatangulia kuamka, adrenali zinafuata nyuma."

Nilikasirika kweli kusikia kwamba dawa ya kuachishwa predi ni predi. Nimekaribia kufa nikiikimbia, nakuja kupewa tena? Lakini ndo hivyo. Hidrokotisoni ya vidonge ndo wengi wanatumia nchi nyingine kwa sababu inakaa mwilini muda mfupi na inafanana na ya mwili, tukazunguka famasi kuanzia Mbagala mpaka Kariakoo, ya sindano ipo, ya vidonge hamna. Basi nikawekwa kwenye predi kidonge kimoja na nusu asubuhi, baada ya mwezi kidonge kimoja. Kimoja ndo mwili unachohitaji, kwa hiyo siumwi sana, lakini hakizidi, ili ubongo uanze kuona upungufu na kukumbuka kazi yake. Na pumu nikapewa pampu ya kuvuta asubuhi na jioni, ileile niliyoitupa kabatini, unavuta afu unasukutua mdomo. Nayo ina steroidi, nikaonywa nisizidishe, lakini kifua kikatulia kwa dozi ambayo ni vumbi ukilinganisha na nilichokuwa nakula.

Kipimo chenyewe ni kotisoli ya asubuhi, na kina masharti yake. Unatakiwa uwe umekaa masaa 24 bila kumeza predi kwa sababu mashine inaweza kuichanganya na kotisoli ikakupa namba ya uongo, na damu itoke saa mbili asubuhi, sio saa tano ukishachelewa na foleni. Kwa hiyo siku ya kipimo natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, sijameza dawa, kichwa kizito, nimebeba kidonge kwenye pindo la khanga ili nikimeze palepale baada ya kuchomwa. Daladala ikiwa imejaa nilikuwa najisogeza kwa konda nambembeleza nipate pa kukaa, naye ananiangalia mdada mzima mnene kiasi, haoni ugonjwa uko wapi. Kuna siku kijana mmoja alinijibu, "Dada kila mtu kachoka." Sikuwa na nguvu ya kumjibu.

Kuna kipimo kingine kikubwa zaidi, unachomwa ACTH ya kutengenezwa waone kama tezi zinaitikia, ila daktari alisema dawa yake kuipata ni shughuli na kwa wengi namba ya asubuhi inatosha. Chini ya nanomoli 150 kwa lita, tezi bado, endelea na dawa, rudi baada ya miezi. Kati ya 150 na 300, zinapapasa. Ikipita 300, zimeamka. Hizo namba mbili, 150 na 300, nilizichora kwa chaki ya kushonea kwenye ukuta wa ofisi yangu, kama vile watu wanavyoweka alama ya urefu wa watoto mlangoni.

Oktoba 2023 ilikuwa 48.

Desemba 96. Nilidhani nitapata mia na kitu, nikalia kwa ajili ya namba 4. Nikaambiwa imepanda mara mbili, furahi, kidonge kimoja kilekile, tuonane Machi.

Miezi hiyo ndo iliyokuwa migumu kuliko hata kuzimia, na sijui niielezeje kwa mtu ambaye hajapitia. Ukizimia watu wanakukimbilia. Ukiwa umechoka tu, miezi sita, unafua nguo mbili unalala, unakata kitambaa mkono unatetemeka, mchana saa nane unaishiwa kabisa kama mtu amekuchomoa kwenye soketi, hapo hauna ugonjwa, una uvivu. Nilikuwa na oda za sikukuu nikazirudisha na hela za watu. Mama mmoja akaniambia fundi siku hizi umeringa. Grupuni wakashauri dawa ya kusafisha figo, mwingine akatuma tangazo la vidonge vya kuamsha adrenali vya elfu 85, vimeandikwa asilia. Nilimwonesha daktari, akasoma, akanirudishia simu bila maneno mengi, "Humu hatujui kuna nini, kuna vingine vya aina hii vikipimwa vinakutwa na steroidi yenyewe." Hebu fikiria unanunua kwa elfu 85 kitu kilekile kilichokulaza. Na wenye krimu za kung'arisha msijione mko salama, zile zenye klobetasoli, ambayo nayo ni steroidi kali, ukipaka mwili mzima miezi na miaka zinaingia kwenye damu, nilikutana na dada kliniki hajawahi kumeza hata kidonge kimoja, tezi zake zilikuwa zimelala kama zangu, kwa krimu tu.

Ramadhani ya 2024 ikaingia Machi. Daktari alisema hapana, mwaka huu usifunge, sukari yako bado haijitegemei na ukiishiwa maji presha inadondoka. Sijawahi kuacha kufunga tangu nabalehe ukitoa siku zetu zile. Nilikuwa nakula nyuma ya pazia la chumba cha kupimia nguo, uji kwenye chupa, nakula kama mwizi, afu natoka nafuta mdomo nampokea mteja aliyefunga. Shangazi aliniambia kwa simu kwamba na yeye ana vidonda vya tumbo na anafunga. Nikamwambia shangazi niombee. Fidia nikatoa.

Lakini Machi hiyohiyo namba ikaja 171. Nilipita ule mstari wa kwanza wa chaki! Hapo tukaanza kushusha, leo kidonge kimoja, kesho nusu. Vya miligramu 1 sikuvipata hivyo nusu nilikuwa naikata kwa wembe wangu wa kufumulia, ule mpya ambao haujagusa nyuzi, juu ya kioo. Mkono wa fundi unasaidia, nusu zangu zilikuwa sawa kabisa.

Kila nikishusha, wiki mbili viungo vinauma, moyo unakuwa mzito, nalia bila sababu, ngozi inakauka. Kumbe hata kama kiasi kinatosha, mwili uliozoea kingi unakilalamikia. Ni kama ulivaa miwani mikali miaka minne afu ukavua. Daktari alinifundisha kutofautisha, maumivu na huzuni tunavumilia, lakini kutapika, kizunguzungu ukisimama, kushindwa kula kabisa, hapo usivumilie, rudi.

Na kulikuwa na sheria ya siku za kuugua, ambayo nadhani ndo kitu cha maana kuliko vyote nilivyofundishwa. Mtu mzima akipata homa, adrenali zake zinazidisha kotisoli bila yeye kujua. Zangu haziwezi. Kwa hiyo mimi ndo natakiwa niwe adrenali, nikipata homa kali nazidisha dozi mara mbili, nameza asubuhi na jioni mpaka homa iishe siku mbili tatu, narudi nilipokuwa. Nikitapika dawa isikae, hospitali haraka nichomwe sindano. Nikiwa na upasuaji au kung'oa jino niseme mapema. Hii imeanza kujulikana zamani sana. 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic kule Marekani alimchoma kotisoni, steroidi ya mwanzo mwanzo, mgonjwa wa baridi yabisi ambaye alikuwa hawezi kutembea, ndani ya siku chache akatembea, 1950 yeye na wenzake Kendall na Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel. Haikupita miaka mingi, 1952, ikaandikwa habari ya mgonjwa aliyekuwa anatumia kotisoni akaingia upasuaji wa nyonga na hakutoka salama, presha ilikataa kupanda, walipochunguza maiti tezi zilikuwa zimesinyaa. Miaka 70 na zaidi, na mimi nahesabiwa vidonge 20 kwenye kikaratasi cha kaki.

Aprili, ule wakati wa mvua za mafuriko, nikapata malaria. Homa saa tatu usiku, nikazidisha kama nilivyofundishwa, nikatapika. Nikazidisha tena, nikatapika. Mume wangu hakuuliza, alinibeba. Mapokezi pale tulipofika wakasema faili kwanza, kipimo cha malaria kwanza, huyu ana homa tu. Mimi kuongea siwezi, ulimi mzito. Sasa nilikuwa nimejishonea kitu. Ndani ya bitana ya pochi yangu nilitia mfuko mdogo wa kitambaa cheupe, nikadarizi kwa uzi mwekundu maneno ambayo daktari aliniandikia, NATUMIA STEROIDI. NIKIZIDIWA NICHOMWE HIDROKOTISONI 100. Kadi yenyewe yenye muhuri ipo ndani ya mfuko. Mume wangu akaigeuza pochi yote ndani nje juu ya meza ya mapokezi, funguo na sarafu na bobini zikamwagika chini, akawaonesha ule uzi mwekundu. Nesi mmoja mtu mzima akasoma, akaacha kuandika, akasema mleteni. Nilichomwa kabla ya faili. Malaria ikatibiwa baadae.

Julai 238. Nusu kila siku, afu nusu siku moja ndio siku moja hapana. Hapa nikaanza kuona vitu vidogo. Asubuhi moja nikaamka saa kumi na moja na nusu, adhana ya alfajiri imeshapita, na nikakaa kitandani nikijiuliza kuna nini leo, kitu gani hakipo. Kumbe lile gunia la mchanga halikuwepo. Nilikuwa nasikia njaa. Njaa ya kawaida, ya mtu aliyeamka. Nikaenda jikoni nikala kiporo cha maharage kwa mkono nimesimama, gizani, na nilikuwa nachekelea peke yangu, mume wangu akaja na tochi ya simu akidhani ni panya.

Novemba 2024, 342.

Daktari alinisomea namba mara mbili maana mara ya kwanza sikuitikia. Nikaacha predi siku hiyo, safari hii sikumwaga kitu chooni, vidonge vilivyobaki nikaambiwa niviweke kwa ajili ya siku za homa, maana hata namba ikiwa nzuri tezi zinaweza zikaweza siku ya kawaida zikashindwa siku ya tabu, kwa hiyo mwaka mwingine mzima kadi nitembee nayo. Pumu ipo palepale, navuta pampu yangu mbele za watu na anayetaka kusema inazoesha nampa kiti akae nimsimulie kuanzia mwanzo.

Sukari imeshuka yenyewe. Kipimo cha mifupa kilionesha imelegea kidogo uti wa mgongo, hiyo haijarudi, nakunywa maziwa na dagaa na vidonge vya kalisi na vitamini D. Michirizi imebaki ila imefifia, sasa ni ya rangi ya fedha. Mwili umerudi kunenepa kidogo, wifi yangu aliniona sikukuu iliyopita akaniangalia juu chini akasema, "Mbona tena, si ulikuwa umeshapendeza?"

Lile gauni nimelifumua ubavuni tena, inchi 2 kila upande. Mistari ya zamani ya matundu haifi, nimepitisha pasi ya moto na maji mara ngapi, bado inaonekana ukiweka kitambaa kwenye mwanga. Na wiki ijayo naenda kung'oa jino, nimeshampigia simu yule wa meno nikamwambia habari ya kadi, akaniuliza, "Adrenali ndo nini na jino?" Kwa hiyo Jumatatu naenda kumwona daktari wangu kwanza aniandikie barua, na pochi naenda nayo.